Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kazi ya utafiti wa vipokezi vya nyuropeptidi na kemia ya dawa

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya wanafunzi wa kemia, famasia na biolojia wanaojiuliza kama fani hii inawafaa. Wapo pia wagonjwa na ndugu zao wanaotaka kujua kwa nini dawa mpya ya kipandauso au ya usingizi huchukua miaka mingi kufika, nao wanakaribishwa. Mahali ninapotoa maoni yangu binafsi nimesema hivyo.

Nyuropeptidi ni nini hasa?

Ni mnyororo mfupi wa asidi amino ambao seli ya neva huutengeneza na kuuachia ili kupeleka ujumbe kwa seli nyingine. Mifupi zaidi inashangaza kwa udogo wake. TRH, inayoanzisha amri ya kuchochea tezi ya thairodi, ina asidi amino 3 tu. Enkefalini zina 5, oksitosini 9, dutu P 11, nyuropeptidi Y 36, na CGRP 37.

Wajumbe wadogo wa neva, kama dopamini au glutameti, huachiwa, hufanya kazi yao upesi, kisha hufyonzwa na kutumika tena. Nyuropeptidi haina njia hiyo. Hukatwa kutoka kwenye protini ndefu zaidi, husafirishwa hadi ncha ya neva, na ikishaachiwa husambaa mbali kidogo na kudumu kwa muda mrefu zaidi, mpaka vimeng'enya viikatekate. Ndiyo maana tunazikuta kwenye mambo ya hali nzima ya mwili: njaa, kiu, usingizi, maumivu, hofu, uzazi.

Na kipokezi chake hufanya nini?

Kipokezi ni protini iliyopenya utando wa seli. Upande wa nje hushika peptidi, na upande wa ndani huamsha protini G, ambayo hubadilisha mwenendo wa seli. Karibu vipokezi vyote vya nyuropeptidi ni vya familia hii inayopita kwenye utando mara 7, inayojulikana kama GPCR. Binadamu ana takriban jeni 800 za familia hiyo, na kama theluthi ya dawa zote zilizoidhinishwa hufanya kazi kupitia vipokezi hivyo. Robert Lefkowitz na Brian Kobilka walipata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2012 kwa kueleza jinsi vinavyofanya kazi.

Ugumu huanza pale peptidi moja inapokuwa na vipokezi kadhaa. Somatostatini ina 5. Vinafanana sana, ila kila kimoja kina makazi yake na kazi zake mwilini, na ukimgusa asiyehusika umeleta madhara. Miaka mingi ya maisha ya mwanakemia huishia kwenye kutafuta tofauti ndogo kati ya ndugu wawili wanaofanana.

Ikiwa mwili wenyewe hutumia peptidi, kwa nini peptidi hiyohiyo isifanywe dawa?

Kwa sababu mwili umejiandaa kuiharibu. Ukiimeza, tumbo na utumbo huimeng'enya kama nyama nyingine yoyote. Ukiichoma kwenye damu, mara nyingi haimalizi dakika chache. Somatostatini ina nusu-uhai (muda wa kiasi chake kwenye damu kupungua hadi nusu) wa dakika 1 hadi 3, na GLP-1, homoni ya utumbo, kama dakika 2. Hata ikisalimika, kizuizi kati ya damu na ubongo hakiiruhusu kupita kirahisi.

Kuna njia mbili za kulikabili hilo. Ya kwanza ni kuitengeneza upya peptidi yenyewe. Okitreotidi ni mfano ambao kila mwanafunzi anapaswa kuuchambua mstari kwa mstari: wanakemia wa kampuni ya Sandoz waliipunguza somatostatini kutoka asidi amino 14 hadi 8, wakabakiza sehemu inayogusa kipokezi, wakaweka asidi amino za umbo lililogeuzwa, kama taswira kwenye kioo, ambazo vimeng'enya havizitambui, na nusu-uhai ukapanda hadi karibu saa moja na nusu. Semaglutidi, iliyotokana na GLP-1, ilikwenda mbali zaidi. Asidi amino moja ilibadilishwa pale kimeng'enya kinapokata, kisha ukaning'inizwa mkia wa asidi mafuta unaoshikamana na albumini ya damu, na nusu-uhai ukawa karibu wiki nzima.

Njia ya pili ni kuachana na peptidi na kutafuta molekuli ndogo, ya kumezwa, inayoshika kipokezi kilekile. Tulijua linawezekana kabla hata ya kujua tunajua. Mofini, iliyotoka kwenye mmea, ilitumika kwa karne nzima na zaidi kabla John Hughes na Hans Kosterlitz hawajagundua kule Aberdeen, mwaka 1975, kwamba ubongo una peptidi zake zinazoshika kipokezi hichohicho. Mmea ulikuwa umetoa molekuli ndogo inayochukua nafasi ya peptidi, na haifanani nayo sana ukiitazama kwenye karatasi.

Peptidi hizi ziligunduliwaje?

Kwa jasho. Dutu P ilionekana mwaka 1931, Ulf von Euler na John Gaddum walipochunguza vimiminika vilivyokamuliwa kutoka kwenye ubongo na utumbo wa farasi wakaona vinashusha shinikizo la damu na kubana utumbo. Ilikaa miaka 40 bila mtu kujua imeundwa na nini. Mwaka 1967 Susan Leeman, akitafuta homoni nyingine kabisa kwenye haipothalamasi, sehemu ya ubongo inayoongoza homoni, aliona panya aliowachoma sindano wanachuruzika mate. Hakupuuza mate hayo. Aliyafuatilia, akaisafisha dutu iliyoyasababisha, na kufikia mwaka 1971 yeye na wenzake walikuwa na mpangilio wote wa asidi amino 11: ilikuwa dutu P.

Upande wa homoni za haipothalamasi, Roger Guillemin na Andrew Schally walishindana kwa miaka mingi, mmoja akitumia ubongo wa kondoo, mwingine wa nguruwe. Ilihitaji mamia ya maelfu ya vipande vya ubongo kupata takriban miligramu moja ya TRH. Walifika karibu pamoja mwaka 1969, na mwaka 1977 wakagawana Nobel ya Tiba na Rosalyn Yalow, aliyebuni kipimo cha kingamwili chenye mionzi ambacho bila hicho viwango vidogo namna ile visingepimika.

Siku hizi mwelekeo umegeuka. Jeni za vipokezi zilipojulikana, vikawepo vipokezi vingi visivyo na peptidi inayojulikana, vinavyoitwa vipokezi yatima. Watafiti walianza na kipokezi kisha wakatafuta mwenzake. Nosiseptini ilipatikana hivyo mwaka 1995, na oreksini mwaka 1998 katika kundi la Masashi Yanagisawa, wakati kundi jingine likiifikia kwa njia tofauti na kuiita haipokretini.

Mwanakemia wa dawa hufanya nini kutwa nzima?

Hili ndilo swali ninalolipenda zaidi. Jibu fupi: hubuni molekuli, huitengeneza, huipeleka kupimwa, husoma matokeo, kisha huanza tena. Mzunguko mmoja unaweza kuchukua wiki chache. Mradi mmoja huzalisha mamia, mara nyingine maelfu, ya molekuli, na nyingi hutupwa.

Kwenye benchi utakuwa na kabati la kufyonzea hewa chafu, chupa zinazochemka, safu za kromatografia za kusafishia, na mashine ya NMR ya kukuhakikishia kwamba ulichotengeneza ndicho ulichokusudia. Wanaotengeneza peptidi hutumia mbinu ya Bruce Merrifield ya mwaka 1963: unaifunga asidi amino ya kwanza kwenye punje za plastiki, unaongeza moja baada ya nyingine, unasuuza uchafu kila hatua, na mwishoni unaikata peptidi kutoka kwenye punje. Mbinu hiyo ilimpa Nobel mwaka 1984. Kabla yake, Vincent du Vigneaud alipotengeneza oksitosini mwaka 1953, kila hatua ilikuwa kazi ya kusafisha na kukausha upya.

Vipimo vya kwanza huwa vya ushikaji. Unachukua utando wa seli zenye kipokezi, unaweka peptidi yenye alama ya mionzi, kisha unaongeza molekuli yako kidogo kidogo uone inaisukuma peptidi kwa kiwango gani. Namba inayotoka, ukishaisahihisha kwa mlinganyo wa Cheng na Prusoff wa mwaka 1973, inakuambia molekuli inashika kwa nguvu gani; ikiwa ndogo, ushikaji ni wa nguvu zaidi. Nanomola 1 ni nzuri sana. Maikromola 10 ni mwanzo tu.

Lakini kushika hakukuambii kama umekiwasha kipokezi au umekizima. Hapo unahitaji kipimo cha utendaji: je, cAMP, molekuli ya ujumbe ndani ya seli, imepanda? Je, kalsiamu imetiririka ndani ya seli? Dawa za kuwasha huitwa agonisti, za kuzima huitwa antagonisti, na kuna za katikati ambazo huwasha kwa kiasi. Wanafunzi wengi hukimbilia namba ya ushikaji kwa sababu ni safi na inapendeza kwenye jedwali. Ushauri wangu ni kuziweka namba zote mbili mezani kabla ya kuamua chochote.

Halafu huja mvutano wenyewe. Mifuko ya vipokezi vya peptidi huwa mikubwa na yenye kupenda mafuta, kwa hiyo molekuli inayoijaza vizuri huelekea kuwa kubwa na ya mafutamafuta. Molekuli ya aina hiyo haiyeyuki, ini huitafuna haraka, na inaweza kushika njia ya potasiamu ya moyo iitwayo hERG na kuvuruga mapigo. Christopher Lipinski aliweka kanuni maarufu mwaka 1997: ukitaka dawa ya kumeza, jaribu kubaki chini ya uzito wa molekuli wa 500. Suvorexant, dawa ya usingizi, ina uzito wa karibu 451. Olcegepant, antagonisti ya mapema ya CGRP, ilikaribia 870, na haikuweza kutolewa ila kwa mshipa. Kila kikundi cha atomi unachoongeza ili kushika vizuri zaidi kinaweza kukugharimu pahala pengine, na kujua lini pa kusimama hakufundishwi darasani.

Kwa nini dawa nyingi za vipokezi hivi zilishindwa?

Hapa ndipo penye somo kubwa la fani yetu. Dawa nyingi zilizoshindwa zilikuwa na molekuli nzuri. Kilichokosekana ni ugonjwa unaokitegemea kipokezi kile.

Tazama kipokezi cha dutu P, kinachoitwa NK1. Dutu P imejaa kwenye neva za maumivu, kwa hiyo kila mtu aliamini kwamba ukizima NK1 umezima maumivu. Mwaka 1991 watafiti wa Pfizer walitangaza CP-96,345, molekuli ndogo ya kwanza isiyo peptidi ya kuzima NK1 kwa nguvu. Ilishika kipokezi cha binadamu barabara na kile cha panya kwa udhaifu, jambo lililowalazimisha watafiti kutumia simbilisi na wanyama wengine ambao kipokezi chao kinafanana zaidi na chetu. Makampuni kadhaa yaliingia. Kwa wanyama, dawa hizi zilipunguza dalili za maumivu. Kwa binadamu hazikufanya hivyo.

Mwaka 1998 ikachapishwa taarifa kwamba dawa moja ya kundi hili, kutoka Merck, inasaidia wenye sonona. Matumaini yakapanda upya, lakini majaribio makubwa ya awamu ya tatu hayakuthibitisha. Na hapa pana jambo la kuzingatia: picha za PET za ubongo wa binadamu zilionyesha dawa hiyo inafunika zaidi ya asilimia 90 ya vipokezi vya NK1. Ilifika ilikotumwa na ilifanya ilichotumwa. Dhana ya sonona ndiyo iliyoanguka.

Dawa ni ileile, aprepitant. Iliidhinishwa nchini Marekani mwaka 2003 kuzuia kichefuchefu na kutapika kwa wagonjwa wa saratani wanaopata tibakemikali, na inatumika hadi leo. Dalili ya hilo ilipatikana kwa wanyama wadogo wa jamii ya kicheche, kwa sababu panya hawana uwezo wa kutapika. Maabara inayotegemea panya peke yake isingeiona kazi kubwa kuliko zote ya kipokezi hiki.

Hilo limetokea kwa kipokezi kimoja tu?

Hapana. Ndugu yake NK3 ana kisa kinachokaribia kufanana. Antagonisti zake za mwanzo zilijaribiwa kwa skizofrenia bila kufika popote. Wakati huohuo, kwenye njia nyingine kabisa, Naomi Rance alikuwa ameonyesha tangu mwaka 1991 kwamba seli fulani za haipothalamasi zinazotengeneza nyurokinini B, peptidi inayoshika NK3, huwa kubwa kwa wanawake waliofikia ukomo wa hedhi. Mwaka 2009 ikabainika kwamba familia zenye hitilafu kwenye jeni ya nyurokinini B au ya kipokezi chake hazipati balehe ya kawaida. Vipande vikaungana: kipokezi hiki ni cha uzazi na joto la mwili. Fezolinetant, inayozima NK3, iliidhinishwa Marekani Mei 2023 kwa ajili ya joto la ghafla la ukomo wa hedhi, na mwaka 2024 ikawekewa onyo kali kuhusu ini, kwa hiyo wanaoitumia hupimwa damu.

Ninawasihi vijana wanaoingia kwenye fani wasome kazi za waanatomia na za madaktari wa magonjwa adimu ya kurithi. Huko ndiko kipokezi husema ni cha nani.

Ni mfano gani wa mafanikio tunaoweza kujifunza kutoka mwanzo hadi mwisho?

CGRP na kipandauso. Jeni ya kalsitonini ilipochunguzwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, ilionekana kwamba ujumbe wake unaweza kuungwa kwa namna mbili, na namna ya pili inazalisha peptidi mpya kwenye neva. Ikaitwa CGRP. Lars Edvinsson aliiona kwenye neva zinazozunguka mishipa ya damu ya kichwa, na mwaka 1990 yeye na Peter Goadsby walionyesha kwamba inapanda kwenye damu ya mshipa wa shingo wakati wa shambulio la kipandauso. Uhusiano kati ya peptidi na ugonjwa ulikuwa umeonekana kwa wagonjwa wenyewe, kabla ya dawa kuwepo. Hiyo ndiyo tofauti kubwa na kisa cha NK1 na maumivu.

Kipokezi chake kilisumbua. Mwaka 1998 ikajulikana kwamba ni protini mbili zinazohitajiana: kipokezi chenyewe na msindikizaji mdogo aitwaye RAMP1. Olcegepant ilikuwa inashika kipokezi cha binadamu zaidi ya mara 100 kuliko cha panya, na sababu ikaja kupatikana kwenye asidi amino moja tu ya RAMP1, triptofani iliyo nafasi ya 74. Yaani dawa ilikuwa inakaa kwenye mpaka wa protini hizo mbili.

Jaribio la olcegepant la mwaka 2004 lilionyesha kwamba dhana ni sahihi, ingawa dawa ilipitishwa kwenye mshipa. Telcagepant ikafuata, ya kumeza, ikafanya vizuri kwenye awamu ya tatu. Kisha baadhi ya watu walioitumia kila siku wakapandisha vimeng'enya vya ini, na mwaka 2011 mradi ukafungwa. Fikiria walivyojisikia waliokuwa wameutumikia mradi huo ujana wao wote. Lakini dhana ilibaki hai. Kingamwili erenumab, inayoziba kipokezi chenyewe, ikaidhinishwa mwaka 2018, ubrogepant mwishoni mwa 2019, rimegepant mwaka 2020, atogepant mwaka 2021. Mwaka huo wa 2021 Edvinsson, Goadsby, Michael Moskowitz na Jes Olesen walipewa tuzo ya Brain Prize.

Tangu peptidi kugunduliwa hadi kidonge kufika dukani ni takriban miaka 37. Mtu aliyeanza uzamivu wakati ule alikuwa anakaribia kustaafu.

Mradi wangu ukifutwa, je, kazi yangu imepotea?

Utafutwa. Takriban dawa 9 kati ya 10 zinazoingia kwenye majaribio ya binadamu haziidhinishwi, na zinazofia kabla ya hapo ni nyingi zaidi. Mtu asiyeweza kulivumilia hilo atateseka katika fani hii, na ni bora alijue mapema.

Ila molekuli iliyotengenezwa vizuri na kuandikwa vizuri hubaki. Rimegepant iligunduliwa Bristol-Myers Squibb, ikawekwa kando, ikachukuliwa na kampuni ndogo ya Biohaven mwaka 2016, na leo inaandikwa na madaktari. Hilo liliwezekana kwa sababu daftari, sampuli na data vilikuwa kamili. Andika daftari lako kana kwamba atakayelisoma hakujui na hawezi kukuuliza.

Nisome kemia au biolojia?

Chagua moja uwe nayo kwa kina, kisha jifunze lugha ya nyingine kiasi cha kubishana nayo. Kwa maoni yangu, ukitaka kuwa mbunifu wa molekuli, anza na kemia ya kaboni. Ustadi wa kutengeneza huchukua miaka na ni mgumu kuuongeza ukubwani. Ukivutiwa zaidi na swali la kipokezi hufanya nini mwilini, nenda famakolojia au sayansi ya neva.

Watakaokuwa na manufaa zaidi kwenye meza ya mradi ni wale wanaoweza kusoma mchoro wa upande wa pili. Mwanakemia anayeelewa kwa nini mkunjo wa kipimo umesogea kulia bila kushuka kilele (dalili kwamba molekuli inagombea nafasi ileile na peptidi) atabuni molekuli tofauti na yule anayesubiri namba.

Ni lazima niwe na uzamivu?

Kwa kuongoza mradi, karibu kila mahali ndiyo. Kwa kufanya sayansi nzuri, hapana. Wapo wanakemia wenye shahada ya kwanza au ya uzamili ambao mikono yao imetengeneza molekuli zilizo kwenye hataza za dawa kubwa.

Ukienda uzamivu, mchague msimamizi kwa uangalifu kuliko unavyochagua chuo. Zungumza na wanafunzi wake waliokwisha kuhitimu. Waulize walimaliza kwa muda gani, na nani aliandika makala zao.

Chuo kikuu au kampuni?

Chuoni unachagua swali lako na unahangaika kutafuta ruzuku. Kampuni inakupa vifaa na wenzako wa kila fani, ila inaweza kuufunga mradi kwa sababu za kibiashara hata kama sayansi inakwenda vizuri. Chuoni utachapisha mapema. Kampuni itataka hataza kwanza, kwa kuwa ukishaitangaza molekuli hadharani unaweza kupoteza haki ya kuilinda. Watu huvuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine, na wengi waliofanya mambo makubwa kwenye vipokezi vya peptidi walifanya hivyo kwa ushirikiano wa pande zote mbili.

Sifa za ugunduzi hugawanywa kwa haki?

Si mara zote. Candace Pert alikuwa mwanafunzi wa uzamivu katika maabara ya Solomon Snyder huko Johns Hopkins walipochapisha mwaka 1973 kwamba wameweza kukipima kipokezi cha opioidi kwenye ubongo. Mwaka huohuo Eric Simon wa New York na Lars Terenius wa Uppsala walifikia jambo hilohilo, kila mmoja kivyake. Mwaka 1978 tuzo ya Lasker ikatolewa kwa Snyder, Hughes na Kosterlitz. Pert hakuwemo, na alipinga waziwazi.

Ninalitaja kwa sababu wanafunzi huona aibu kuuliza. Uliza mapema nani atakuwa mwandishi wa kwanza wa makala, na jina lako litakaaje kwenye hataza. Ni swali la kawaida la kikazi, na msimamizi mwema halichukii.

Je, kompyuta zitachukua kazi hii?

Zimekwisha kuchukua sehemu yake, na nashukuru. Muundo wa kipokezi cha pili cha oreksini kikiwa kimeshika suvorexant ulichapishwa mwaka 2015, na ule wa kipokezi cha CGRP kikiwa kimewashwa mwaka 2018, huu wa pili kwa hadubini ya elektroni inayopiga picha sampuli zilizogandishwa, mbinu iliyopewa Nobel mwaka 2017. Miundo hiyo inatuonyesha mifuko tuliyokuwa tunaikisia gizani. Programu za kutabiri maumbo ya protini nazo zilipata Nobel ya Kemia mwaka 2024.

Kompyuta itakupa orodha ya molekuli zinazoweza kushika. Mtu bado anapaswa kuamua ipi inatengenezeka, kuitengeneza, kuipima, na kueleza kwa nini ya tatu imeshinda ya kwanza. Na ukirudi kwenye kisa cha aprepitant na sonona, muundo bora kabisa wa NK1 usingeliokoa jaribio lile.

Sina maabara yenye vifaa. Naweza kuanzia wapi?

Kwenye data za bure. ChEMBL ina matokeo ya vipimo vya molekuli kwa mamilioni. GPCRdb imekusanya mpangilio na miundo ya vipokezi vya familia yetu. Protein Data Bank inakuruhusu kupakua muundo wowote uliochapishwa. Guide to Pharmacology inaeleza kila kipokezi na dawa zake, ikiandikwa na wataalamu wanaopitiana.

Zoezi ninalolipendekeza: chukua kipokezi kimoja, sema NK3, kusanya kutoka ChEMBL molekuli zilizopimwa juu yake, zipange kwa familia, kisha eleza kwa maandishi yako ni badiliko gani liliongeza nguvu na lipi liliua. Ukilifanya kwa makini utaingia kwenye usaili wa uzamivu ukiwa na jambo la kusema.

Vipi kuhusu wanyama wa maabara?

Bado wanatumika, chini ya kamati za maadili, na idadi yao inapunguzwa pale seli zilizokuzwa au tishu za binadamu zinapoweza kutosha. Kwa vipokezi vyetu kuna sababu ya kisayansi pia ya kuwa mwangalifu: kama NK1 na CGRP zinavyoonyesha, kipokezi cha panya si cha binadamu. Hakikisha nguvu ya molekuli kwenye spishi utakayoitumia kabla hujamgusa mnyama hata mmoja, la sivyo unamtesa bure.

Ni swali gani lililo wazi sasa linalostahili miaka ya mtu?

Kwangu mimi, agonisti za oreksini, peptidi inayotuweka macho. Watu wenye narkolepsia (ugonjwa wa kuzidiwa na usingizi mchana) ya aina ya kwanza wamepoteza seli zinazotengeneza oreksini. Hilo linajulikana tangu mwaka 2000. Hapa ugonjwa na kipokezi vimeoana kuliko kwingine kokote: kilichopotea kinajulikana, na kipokezi bado kipo kinasubiri. Dawa za kuzima oreksini zilitangulia, suvorexant ikiidhinishwa mwaka 2014 kwa wanaokosa usingizi, kwa kuwa kuzima ni rahisi kuliko kuwasha. Ili kuwasha, molekuli ndogo lazima ikisukume kipokezi kiingie kwenye umbo ambalo kwa kawaida hushikiliwa na peptidi ndefu kuliko yenyewe mara kadhaa.

TAK-994, agonisti ya kumeza, iliwafanya wagonjwa wabaki macho kwa kiwango ambacho dawa za awali hazikufikia. Majaribio yake yalisimamishwa mwaka 2021 kwa sababu ya madhara ya ini. Warithi wake wamejaribiwa kwa dozi ndogo zaidi. Wanakemia wanaotaka kuingia hapa watahitaji kujua miundo ya kipokezi cha pili cha oreksini, kemia ya kupunguza mzigo wa ini, na namna ya kupima kama kipokezi kinachowashwa kila siku kinaanza kuchoka na kujiondoa kwenye utando. Hilo la mwisho ndilo ningelianza nalo.